Taa ya injini imewaka: kifaa chako cha Bluetooth au mashine ya fundi?
Kwa gharama, kifaa cha Bluetooth cha kupima gari kinashinda bila ubishi: unakichomeka chini ya dashibodi, simu inasoma msimbo wa hitilafu papo hapo. Ila msimbo hautaji kipuri kibovu. Msimbo P0171, kwa mfano, husema tu hewa imezidi petroli. Wengi hukimbilia kubadilisha sensa ya oksijeni, kumbe mpira wa hewa umepasuka. Hapo mashine ya gereji ina faida: huamuru vali na pampu zifanye kazi huku fundi akitazama, tena husoma ABS (mfumo wa breki unaozuia magurudumu kujifunga), ambayo vifaa rahisi mara nyingi haviigusi. (Fundi anayefuta msimbo tu hana tofauti na simu yako.) Unapenda kushika spana? Nunua kifaa. Taa inawaka na kuzima, injini inatetemeka? Simama, ita fundi. Petroli isiyoungua ndani ya injini huunguza katalisti, kisafisha moshi kwenye ekzosi.