Microsoft Word darasani: kufundisha kufupisha nukuu kwa nukta tatu

Kwa mwalimu wa uandishi wa habari, kazi bora ya Word ni kufuatilia mabadiliko (Ctrl+Shift+E). Iwashe kabla wanafunzi hawajaanza kukata nukuu. Ukichagua mwonekano wa All Markup, maneno waliyoyaondoa yatabaki yakionekana, yamekatwa kwa mstari, nawe utasahihisha kilichokatwa badala ya kukagua nukta tu. Chukua kauli hii:

"Hatutafunga barabara, isipokuwa mvua ikizidi, na wasafiri watajulishwa mapema."

Mwanafunzi akiacha "Hatutafunga barabara ... na wasafiri watajulishwa mapema," sentensi inasomeka vizuri kabisa, lakini sharti limetoweka na msemaji amebebeshwa ahadi ambayo hakuitoa. Katika nakala safi kosa hili halionekani. Mstari ukiwa juu ya "isipokuwa", darasa zima linaliona. Maneno kama iwapo, labda, bado na takribani yachunguzwe kabla ya kugusa kitu kingine.

Mwanafunzi asiandike nukuu upya, maana Word itaonyesha sentensi nzima imefutwa na faida yote itapotea. Achague maneno yanayotoka tu, ayafute, aweke nukta.

Kinachoudhi ni masahihisho ya kiotomatiki: ukichapa nukta tatu, Word huzigeuza kuwa alama moja. Mtindo wa Associated Press, shirika la habari la Marekani, hata hivyo huzihesabu nukta hizo kama neno la herufi tatu, lenye nafasi kabla na baada. Bonyeza Ctrl+Z papo hapo, au ifute kanuni hiyo kwenye orodha ya masahihisho.

Usitarajie programu ikuonye mwanafunzi anapounganisha majibu ya maswali mawili tofauti kwa nukta. Huko ni kupotosha. Afunge nukuu, amtaje msemaji, afungue nyingine. Haitamwambia pia kwamba nukta mwanzoni au mwishoni mwa nukuu hazihitajiki, kwa kuwa karibu kila nukuu imetolewa kwenye mazungumzo marefu zaidi. Na nukuu inayodai nukta mara mbili au tatu iandikwe kwa usemi wa taarifa. Msomaji akiona nukta nyingi hushuku, na ana haki.

Kwa mtihani, funga ufuatiliaji kwa nywila ili usizimwe. Kwa habari inayokwenda kwa mhariri, mabadiliko yakubaliwe yote kwanza: kuyaficha kwenye skrini hakuyaondoi, na faili itasafiri na kila neno lililokatwa.