Mita ya simkadi kwenye mizigo yetu (vyumba vya kupanga) Busia, nimeitumia miezi saba

Watu kadhaa wameniuliza kama hii mita mpya ambayo Hajji, mwenye nyumba wetu, alitufungia hapa Busia upande wa Uganda ni nzuri au ni njia nyingine ya kutunyonya wapangaji. Mi nauza juisi na maziwa baridi, nina friji moja tu ya mlango mmoja, kwahiyo naongea kama mtu ambaye umeme ukiyumba kesho yake anamwaga maziwa.

Kwanza tuelewane, hii sio Yaka. Yaka ni ile mita yenyewe ya nje, ya kulipia kabla, ilianza 2011 enzi za kampuni ya Umeme (jina Yaka ni la Kiganda, ni kama sisi tukisema waka). Iko kwa akaunti ya Hajji na sisi vyumba sita wote tunanyonya hapo hapo. Hii ninayoongelea ni sabumita, kidude kidogo cha kila chumba ambacho mwenye nyumba ananunua mwenyewe dukani ili ajue nani katumia nini.

Tulikuwa na sabumita za zamani, zile za kuingiza tokeni kwa vidole, ile namba ya tarakimu 20 unayopewa ukinunua yuniti. Zilikufa zote siku moja na hakuna aliyezipiga nyundo. Si mnakumbuka Novemba 2024 kila mtu aliambiwa aingize namba mbili ndefu kwenye Yaka kabla ya kulodi tokeni mpya? Watu walidhani ni wizi kumbe ni hesabu ya saa. Hizi tokeni ndani yake zinabeba muda, dakika zinazohesabiwa toka mwanzo wa 1993, na nafasi ya kuhesabia ilikuwa inajaa tarehe 24 Novemba 2024, dunia nzima, hata ndugu zetu hapo ng'ambo Busia ya Kenya walifanyiwa hivyo hivyo. Mita ambayo haikupewa funguo mpya inaona tokeni mpya kama imepitwa na wakati inaikataa. Sasa Yaka ilisetiwa vizuri, lakini yule aliyemuuzia Hajji sabumita alishazima simu kitambo. Tukabaki na vidude sita ukutani havikubali chochote, ikabidi tupige dairekti, umeme bila kupita sabumita, na kugawana bili kwa vichwa, na mnajua kugawana kwa vichwa kunavyoleta ugomvi, mwenye balbu moja analipa sawa na mwenye pasi.

Ndo ikaja hii. Ina simkadi ndani, unalipa kwa mobail mani na yuniti zinaingia zenyewe, hakuna kuandika namba gizani na tochi mdomoni. Netiweki ikiwa mbovu unatumiwa namba unaandika, imenitokea mara mbili tu. Apu inaonyesha unatumia wati ngapi sasa hivi, jana ulitumia yuniti ngapi, na saa gani. Nimejifunza kwamba friji yangu inakula kama yuniti moja kwa siku na birika la umeme ndo mchawi, nilikuwa nasingizia friji bure.

Ila kitu kilichonifanya niipende ni volti. Inatakiwa iwe 240. Asubuhi nakuta 238, safi kabisa. Ikifika saa moja jioni watu wamerudi, kila nyumba pasi, tivii, hotipleti, inaanza kushuka, 200, 190, saa mbili usiku 181! Banange! Hapo ndo nikajua friji yangu ya kwanza iliuawa na nini, maana mota ya friji kwenye volti ndogo inahangaika kuwaka, inanguruma, inapata moto mpaka inaungua, na mi nilimlaumu fundi aliyeniuzia nikamtukana mpaka nikamaliza (kaka popote ulipo nisamehe). Zamani ukienda kulalamika ofisini unaambiwa tatizo ni wayaringi ya nyumba yako. Safari hii nilienda na skrinishoti za wiki mbili, saa na tarehe zote ziko pale. Walikuja jioni na kipimo chao wakapata 184, wakasema transfoma imezidiwa, wakaandika ombi la kubwa zaidi. Ombi bado ni ombi, lakini angalau hakuna tena wa kuniambia nyumba yangu ndo mbaya.

Yaani hapo ndo pananishangaza kuhusu nchi yetu. Umeme wa kuzalisha upo. Karuma peke yake ni megawati 600, ilizinduliwa Septemba 2024, juu ya Bujagali 250 na Isimba 183 na lile bwawa la Jinja la toka 1954, na nguzo kubwa za kupeleka umeme Kenya zinapita hapo Tororo tunaziona kwa macho. Unakwama huku chini kwenye transfoma ya mtaa na waya mwembamba. Umeme kampuni walishika usambazaji 2005 wakaondoka 31 Machi 2025, UEDCL, kampuni ya serikali, ikachukua (sisi waongeaji wa Kiswahili tulicheka wiki nzima, Umeme umeondoka lakini umeme upo). Umeme walipoingia karibu asilimia 38 ya umeme ilikuwa inapotea njiani, wameondoka ikiwa chini ya 20. Iliyobaki, naona dawa ni hiki hiki alichofanya Hajji bila kujua.

Maana mwezi wa kwanza wa mita hizi alijumlisha sabumita zetu sita akapata yuniti 158, Yaka ya nje inasema 181. Yuniti 23 zimeenda wapi? Akatuita wote uani.

"Nani kati yenu ana waya mwingine?"

Kimya. Akaleta fundi mwenye leseni, wakafuata waya, kumbe kamyufu mmoja (fundi umeme wa mtaani asiye na leseni) zamani alivuta laini kutoka kabla ya sabumita mpaka kwa kijana wa chapati hapo mbele, na kijana mwenyewe alikuwa anamlipa huyo kamyufu kila mwezi akidhani ni halali! Weka mita ya hivi kwenye kila transfoma, linganisha na za wateja wake, utajua mtaa gani unavuja bila kupanda nguzo.

Sasa mabaya. Hajji anauza yuniti moja shilingi 950. Mwenye mita yake mwenyewe ya nyumbani anapata yuniti 15 za kwanza za mwezi kwa 250 kila moja, na toka 2022 kuanzia yuniti ya 81 mpaka 150 ni 412 ili watu wapikie umeme waache mkaa. Sisi sita tunagawana hizo 15 moja, yaani mbili na nusu kila chumba, halafu hata hizo hatuzioni. Tuseme kila chumba yuniti 30, jumla 180, bei ya kawaida weka 750, nimepiga hesabu na VAT na sabisi chaji haivuki 130,000. Sisi tunalipa 171,000. Nilimwonyesha.

"Mama Rehema, na taa ya geti nani analipa?"

"Hajji, taa ya geti haili elfu arobaini, wallahi."

Alicheka akaondoka.

Lingine, mita inamtii yeye. Jirani yangu alichelewesha kodi siku nne, saa mbili usiku umeme wake ukazimwa kwa simu, Hajji mwenyewe yuko Mbale arusini, na yuniti za jirani zilikuwa bado zimo, ameshalipia! Hiyo sio sawa kabisa, kodi ni kodi na umeme ni umeme. Halafu anaona kila kitu. Juzi ananiuliza mbele za watu, "jana saa nane usiku ulikuwa unapiga pasi ya nani?" Nilikuwa napiga yunifomu za watoto, lakini we fikiria.

Nyota tatu na nusu. Kama unahamia kwenye mizigo yenye mita hizi, kabla hujatoa kodi uliza yuniti ni bei gani, muulize kama anazima kwa deni la kodi, na uombe akuwekee apu kwenye simu yako usitegemee ya kwake. Na gadi ya friji, kile kidude cha kukata umeme volti ikiyumba, nunua tu, mi nilinunua baada ya msiba.

Saa hizi naandika ni saa mbili na robo usiku, volti 183. Friji nimeizima, maziwa nimeyaweka kwenye beseni la maji.