TheraBand FlexBar kwa kiwiko cha mcheza gemu: dawa ya maumivu ya aina moja

FlexBar ni fimbo ya mpira mzito yenye urefu wa sentimita 30 hivi na matuta madogo ya kushikia. Haina betri wala programu. Wacheza gemu za mashindano wanaotumia mausi huiulizia kila kiwiko kinapoanza kuuma, na wengi huinunua kabla ya kujua kinachouma ni nini. Hapo ndipo hela hupotea.

Maumivu inayoyatibu vizuri ni ya upande wa nje wa kiwiko, yale waganga wa viungo wanayoyaita kiwiko cha tenisi. Misuli inayonyanyua kiganja na vidole imejishikiza kwa kano kwenye kifupa cha nje cha kiwiko. Ukishika mausi, kiganja hukaa kimenyanyuka kidogo na vidole huelea juu ya vitufe, kwa hiyo misuli hiyo haipumziki hata pale mkono unapoonekana umetulia. Saa 6 za mazoezi kila siku, kisha mashindano ya wikendi, na kano inaanza kuchakaa kwa kasi kuliko inavyojijenga. Kupumzika hupunguza maumivu, lakini hakuiongezei kano nguvu. Ndiyo maana mtu hupumzika wiki mbili, akirudi mezani siku ya tatu maumivu yako palepale.

Jipime kabla ya kununua. Nyosha mkono mbele, kiganja kitazame chini, kunja ngumi. Jaribu kuinyanyua ngumi juu huku mkono mwingine ukiikandamiza. Ikiuma kwenye kile kifupa cha nje cha kiwiko, fimbo hii inakuhusu. Rudia kwa kunyanyua kidole cha kati peke yake. Maumivu yakija mahali palepale, shaka inapungua zaidi.

Kama kinachokusumbua ni ganzi ya kidole gumba, cha shahada na cha kati, hasa usiku, huenda ni neva iliyobanwa kwenye kifundo cha mkono, na kusokota mpira kunaweza kuichokoza zaidi. Ganzi ya kidole kidogo mara nyingi hutokana na kuegemeza kiwiko kwenye ukingo wa meza. Na wachezaji wanaotumia pedi ya gemu ya kushika mikononi na wa simu, ambao kwetu Afrika Mashariki ndio wengi, wasikilize hapa: maumivu yao huwa zaidi kwenye shina la kidole gumba. Ficha kidole gumba ndani ya ngumi, kisha inamisha ngumi kuelekea upande wa kidole kidogo. Ukisikia maumivu makali juu ya kifundo, upande wa gumba, usinunue FlexBar. Unahitaji kupunguza saa za kucheza, kupumzisha gumba na kumwona mtaalamu wa fiziotherapia.

“Mkono unauma” ni sentensi moja yenye magonjwa mengi ndani yake. Clinton Loomis, “Fear” wa timu ya Evil Geniuses, alikaa nje ya kikosi cha gemu ya Dota 2 mwaka 2014 kwa ajili ya mkono, akarudi na kutwaa The International, ubingwa wa dunia wa gemu hiyo, mwaka 2015. Mwaka huohuo wa 2015, Hai Lam wa timu ya Cloud9 alitangaza kustaafu gemu ya League of Legends na kutaja kifundo cha mkono kuwa moja ya sababu. Usichague tiba kwa kumwangalia mwenzako.

Sasa rangi. Njano ndiyo laini, hukunjwa kwa nguvu ya pauni 6. Nyekundu pauni 10. Kijani pauni 15. Buluu pauni 25. Fimbo inavyokuwa ngumu ndivyo inavyonenepa, kwa hiyo buluu humpa shida mwenye kiganja kidogo hata kama ana nguvu. Mwenye maumivu aanze na nyekundu. Akishindwa kumaliza marudio 15 bila mkono kutetemeka, ashuke kwenye njano. Kutoka kijani kwenda buluu ni mruko mkubwa mno, na mcheza gemu hana haja nao; kijani inamtosha. Angalizo: watengenezaji wengine huuza fimbo za namna hii kwa rangi zilezile, lakini ugumu si lazima ulingane. Nyekundu ya kampuni nyingine inaweza kuwa ngumu kuliko kijani ya hii.

Zoezi lenyewe hukosewa sana, kwa hiyo tulieleze taratibu. Tuseme kiwiko kibovu ni cha kulia. Simamisha fimbo wima mbele yako, ushike ncha ya chini kwa mkono wa kulia, kiganja kikiwa kimekunjwa kwa nyuma hadi mwisho. Mkono wa kushoto ushike ncha ya juu, kiganja kikitazama mbele. Sokota kwa mkono wa kushoto, kama anayekamua nguo, huku wa kulia ukikaa imara. Bila kuachia msokoto, nyosha viwiko vyote viwili mbele ya kifua hadi fimbo ilale. Hapo mkono wa kushoto ubaki palepale, na wa kulia uachie polepole, kiganja kishuke kwa hesabu ya nne mpaka fimbo inyooke. Hilo ni rudio moja. Fanya 15, pumzika nusu dakika, na ukamilishe seti tatu. Mara moja kwa siku.

Kazi yote iko kwenye kule kuachia. Kano inajengwa na msuli unaorefuka huku ukibeba mzigo, na ndiyo sababu mkono mgonjwa haupaswi kusokota kabisa. Kosa la kwanza ni hilo: watu husokota kwa mkono mbovu, wanaongeza maumivu, kisha wanailaumu fimbo. La pili ni kuachia kwa pupa, fimbo ikaruka kama springi. La tatu ni kufanya zoezi nusu saa kabla ya mechi, mkono ukaingia mashindanoni umechoka. Fanya baada ya kucheza, au asubuhi.

Maumivu kidogo wakati wa zoezi yanaruhusiwa, tuseme 3 au 4 kwa kipimo cha 10, mradi kesho asubuhi yawe yamerudi yalikokuwa. Yakizidi, shuka rangi moja. Utafiti wa Timothy Tyler na wenzake wa mwaka 2010, uliolipa zoezi hili jina la “Tyler Twist”, ulikuwa na wagonjwa 21 tu, na waliolifanya walipata nafuu kubwa kuliko wenzao wa tiba ya kawaida. Matibabu yalichukua wiki 7 hivi. Anayetegemea nafuu ndani ya wiki moja atakata tamaa bure.

Mpira mpya hunuka. Osha kwa sabuni na maji, uanike kivulini. Usiuache ndani ya gari juani, na ukiona mipasuko midogo karibu na ncha, acha kuutumia.

Ukishindwa bei, chukua chupa ya maji ya nusu lita, ambayo ni nusu kilo. Laza kigasha mezani, kiganja kitazame chini na kining'inie nje ya ukingo. Nyanyua chupa kwa msaada wa mkono usiouma, kisha uishushe kwa mkono mgonjwa peke yake, hesabu nne, marudio 15 mara tatu. Upungufu wake ni kwamba uzito haubadiliki kirahisi na kiwiko huwa kimekunjika, lakini kano inapata mzigo unaofanana sana na ule wa fimbo. Ikiwa rudio la 15 halikuchoshi tena, nenda kwenye chupa ya lita moja.