Lenzi mpya ya kamera inayotoa ukungu upande mmoja wa picha: uzoefu wangu

Lenzi niliyonunua ni ya milimita 50, yenye mwanya (tundu linalopitisha mwanga) unaofunguka hadi f/1.8, na kwa picha za sura za watu ilinifurahisha tangu mwanzo. Shida ilijitokeza nilipopiga picha ya jengo kutoka mbali: matofali ya upande wa kushoto yalihesabika moja moja, ilhali ya kulia yalikuwa yamefifia kana kwamba yamepakwa mafuta.

Picha inaweza kuharibika bila lenzi kuwa na hitilafu yoyote, kwa mfano mkono ukitikisika au kamera ikikaa mshazari mbele ya ukuta. Kwa hiyo niliifunga kamera kwenye stendi ya miguu mitatu, nikazima otofokasi (kamera kujilengea yenyewe) pamoja na kidhibiti mtikisiko, nikalenga kwa mkono huku nimeikuza picha kwenye skrini, kisha nikapiga kwa kutumia kipima muda. Ukungu ulikuwa palepale. Baada ya hapo niliigeuza kamera juu chini na kulipiga tena jengo lilelile, na hili ndilo jaribio ninaloliamini kuliko mengine yote. Kama tatizo lingekuwa mkao wa kamera, upande wa kulia wa jengo ungeendelea kufifia; badala yake ukungu ulihamia upande wa kushoto, yaani uliifuata lenzi. Lenzi nyingine kwenye kamera ileile ilitoa picha safi pande zote mbili, hivyo kamera nayo haikuwa na lawama. Nilipofunga mwanya hadi f/8 tofauti ilipungua sana, na nadhani ndiyo maana mtu anayepiga picha za mandhari tu mchana, mwanya ukiwa umefungwa hivyo, anaweza kukaa na lenzi ya namna hii muda mrefu bila kuitambua.

Muuzaji alinijibu kwamba kila lenzi hufifia pembeni. Ni kweli, hasa mwanya ukiwa wazi kabisa, lakini ufifiaji huo wa kawaida huwa karibu sawa pande zote, wala hauelemei upande mmoja. Nilimtumia picha zote mbili, ya kawaida na ya kamera iliyogeuzwa, bila kuzihariri. Hapo akapendekeza lenzi ipelekwe kwa fundi. Nilikataa, kwa sababu muda wa kurudisha bidhaa ulikuwa haujaisha na sikuona haki kitu kipya kianze maisha yake kwa kufunguliwa. Hatimaye alikubali kunibadilishia, nami nikairudisha ikiwa na kifuniko, boksi na risiti yake.

Lenzi ya pili niliipima kwa utaratibu uleule siku niliyoipokea. Kwenye f/1.8 pembe zake hulegea kidogo, zote kwa kiasi kinacholingana, na kufikia f/4 matofali yanasomeka vizuri kutoka ukingo hadi ukingo. Lenzi yenyewe ninaipendekeza bila kusita. Muuzaji simpi alama zote, kwa kuwa alipaswa kuniomba picha za majaribio kabla ya kuniambia kwamba hali ile ni ya kawaida.