Haba Haba ya NSSF: inamfaa mama aliyetoka kazini kulea?

Kwa mama wa Shela au Maweni, hapa Malindi, aliyeacha kazi ya hoteli ili alee watoto, na hataki akaunti yake ya uzeeni ilale, Haba Haba, mpango wa kujiwekea akiba kidogo kidogo wa NSSF, mfuko wa taifa wa uzeeni, ndio mlango mwepesi zaidi. Inamfaa. Lakini kwa kiwango chake cha chini haizibi pengo la michango linaloachwa na miaka ya kulea, inalipunguza tu, na ni vyema ajue hilo kabla ya kutuma shilingi ya kwanza.

Sheria ya Kenya haimhesabii mzazi hata mwezi mmoja wa kulea. Uingereza, mzazi anayedai posho ya mtoto aliye chini ya miaka 12 huandikiwa miaka hiyo kana kwamba amechangia. Huku kwetu, mwezi usiolipiwa ni mwezi mtupu. Fedha zilizokwisha kuingia hazipotei, zinaendelea kupata riba, ila hakuna kinachoongezwa juu yake.

Tupige hesabu. Mwaka 2025, mshahara wa 20,000 ulikatwa asilimia 6, yaani 1,200, na mwajiri akatoa 1,200 nyingine. Jumla ni 2,400 kwa mwezi. Ukikaa nyumbani miaka minne, ni shilingi 115,200 ambazo hazikuingia, riba bado hatujaitia. Haba Haba huanzia shilingi 25 kwa siku, na kwa miaka minne hiyo ni kama 36,500, haifiki theluthi. Kuziba pengo lote kunataka shilingi 80 kila siku, maana sasa unabeba fungu lako na la mwajiri pia. Kwa nyumba nyingi za Malindi hiyo ni fedha nzito.

Kujiunga ni kwa simu, *303#, na malipo pia ni kwa simu. Hapa ndipo tunapoipenda: haikulazimishi kutoa kiasi kilekile kila mwezi. Hoteli za Casuarina zikijaa Desemba hadi Machi, weka zaidi. Masika yakiingia na hoteli nyingi zikafungwa, punguza, ila usikate kabisa.

Baada ya kuchangia miaka mitano unaruhusiwa kutoa nusu ya ulichoweka. Ada ya shule ikibana, ruhusa hiyo ni msaada wa kweli. Hata hivyo ukiitoa, umelifungua tena pengo ulilokuwa ukilijaza. Kama una chama cha kina mama, ada itoke huko na hii uiache.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni malipo ya ulemavu. Pensheni ya mwanachama aliyepata ulemavu wa kudumu inadai michango isiyopungua miezi 36 iliyotangulia ulemavu huo moja kwa moja. Kwa hiyo hata aliyechangia miaka kumi akiwa kazini, kisha akanyamaza miaka mitatu, hutetereka hapo. Kimya kirefu kinaumiza kuliko mchango mdogo.

Kabla ya kuacha kazi, chukua taarifa ya michango yako na uilinganishe na karatasi za mshahara, mwezi kwa mwezi. Likizo ya uzazi ni miezi mitatu yenye mshahara kamili, kwa hiyo michango ya miezi hiyo lazima iwepo. Ikikosekana, hilo ni deni la mwajiri wala si pengo la kulea, na karatasi za mshahara ndizo ushahidi wako. Michango ya kabla ya 2023, ile ya 200 kwa 200, iko kwenye mfuko wa zamani. Usishtuke ukiikuta imeandikwa kando.

Malipo ya SHA ni kitu kingine kabisa. Anayelipa bima ya afya hajalipa uzeeni.

Kosa linalosumbua zaidi hutokea siku ya kurudi kazini. Mama ameolewa, kitambulisho kina jina jipya, mwajiri mpya anamsajili upya, na sasa ana nambari mbili za uanachama na michango imegawika. Mpe mwajiri nambari ya zamani tangu siku ya kwanza. Kama mbili zimekwisha kutoka, nenda ofisi ya NSSF na kitambulisho, nambari zote mbili na cheti cha ndoa, uombe ziunganishwe. Mchango wa mwezi hutakiwa kufika kabla ya tarehe 9 ya mwezi unaofuata kupita, kwa hiyo wiki hiyo hiyo ya pili angalia taarifa: jina, nambari na kiasi.