Maktaba ya teolojia kwenye simu: nunua ile inayojua kuhesabu Zaburi

Mama pasta mmoja wa Kenya (komini yetu hapa Lubumbashi, si nchi) ameniletea lalamiko ambalo mafratri (wanafunzi wa upadri) nao wamelirudia mara nyingi. Amelipia programu ya vitabu vya dini. Anamsoma Augustino kwa Kifaransa cha zamani, Zaburi ya 50, Daudi akilia dhambi yake. Akigusa rejea, anatupwa kwenye "Mungu, Mungu Bwana, amenena". Toba yenyewe iko wapi? Iko Zaburi ya 51. Augustino alifuata hesabu ya Septuaginta, tafsiri ya kale ya Kigiriki ya Agano la Kale, inayounganisha Zaburi ya 9 na ya 10, na kuanzia hapo mpaka ya 147 namba karibu zote ziko nyuma kwa moja ukilinganisha na Segond 1910, Biblia ya Kifaransa ya Waprotestanti, ya mama pasta.

Kwa hiyo leo sitawapimia uzuri wa skrini wala wingi wa vitabu. Anayetaka Mababa wa Kanisa (waandishi wa kale kama Augustino), Wesley wa Wamethodisti na Katekisimu kwenye simu moja aulize kwanza kama programu inajua kwamba Biblia zetu hazihesabiwi sawa. Danieli 3 ni mtego mwingine: Wakatoliki wana wimbo wa vijana watatu katikati, hivyo mstari wa 24 wa Mprotestanti kwao ni wa 91. Waorthodoksi wana hata Zaburi ya 151. Kabla ya kulipa, fungua Vulgata (Biblia ya Kilatini) dirisha moja na Segond dirisha la pili, kisha nenda Zaburi ya 22 kwenye Vulgata. Segond isipotua kwa mchungaji mwema wa Zaburi ya 23, funga, weka pesa yako mfukoni.

Namba moja kwangu ni Verbum, na sifichi kwamba naipendelea. Ni ndugu wa Logos, programu nyingine ya Biblia, kampuni ni moja: Verbum imepangwa kwa Wakatoliki, lakini akaunti ni ileile na kitabu ulichonunua huku unakikuta kule. Mtihani wa Zaburi inaupita bila jasho. Vitabu unavishusha kwenye simu, umeme ukikatika na mega zikiisha unaendelea kusoma. Ila usikimbilie vifurushi vikubwa. Vimejazwa vitabu ambavyo hutavifungua hadi kustaafu, vingi kwa Kiingereza, na bei inaonekana ya huruma kwa sababu wamejumlisha hata makapi. Chukua programu ya bure, chukua kile kitabu wanachotoa bure kila mwezi, halafu subiri punguzo ununue kimoja kimoja. Usajili wa kila mwezi uache: ukikosa kulipa, huduma zake zinakwisha, wakati kitabu ulichonunua kinabaki chako.

Tatizo ni kulipa. Wanataka kadi ya benki, na wengi wetu pesa yetu iko kwenye simu. Basi unamwendea mwenye kadi akulipie, naye anakata asilimia yake kana kwamba ndiye aliyeandika Summa ya Thomas Akwino.

Ya pili ni AndBible, ya Android, bure kabisa na haina matangazo. Hesabu za Zaburi inazijua, Segond imo. Imepungukiwa na waandishi wa sasa, hasa Wakatoliki na Waorthodoksi.

e-Sword ya kompyuta na MySword ya simu ni za bure, zinatosha kwa Biblia na fafanuzi za Kiprotestanti. Mababa wa Kanisa, juzuu 38 za Kiingereza, wako bure kwenye CCEL, tovuti ya vitabu vya kale vya Kikristo. Hati 16 za Mtaguso wa Pili wa Vatikano ziko kwenye tovuti ya Vatikano, kwa Kifaransa pia.

Kinachoniuma ni kwamba katika vifurushi vyote nilivyovipekua sijamkuta Mulago wala Bimwenyi-Kweshi, wanateolojia wetu wa Kongo. Tempels, mmisionari Mbelgiji, alichapishiwa kitabu chake cha falsafa ya Kibantu hapahapa mjini mwaka 1945, ulipoitwa Élisabethville, nasi tunalipa dola kusoma Wamarekani wakifafanua Wamarekani. Kwa hao wetu, bado ni kwenda maktaba ya seminari na kuomba kwa adabu.

Ya mwisho, na ningeweza kuiacha kabisa: flashi zinazouzwa nje ya sekretaria (vibanda vya fotokopi) kwa jina la "maktaba kamili ya teolojia". Nilifunguliwa moja. Ufafanuzi uleule umenakiliwa kwa majina manne, kurasa ni picha zisizotafutika neno hata moja, na kwenye Waroma kidole gumba cha mpiga picha kimefunika mistari mitatu. Haki ya mwandishi hata haiulizwi. Halafu muuzaji huyohuyo anainua noti yako ya dola tano juani, anaona imechanika pembeni kidogo kuliko ukucha, anakurudishia: hii haiendi, mama, leta nzima.