To All the Boys I've Loved Before ya Jenny Han: nilifuata mapenzi, nikakuta dada watatu

Nikiwa form two boarding kuna msichana wa bweni letu alikamatwa na barua ya mapenzi, mwalimu akaisoma mstarini asubuhi shule nzima imesimama. Ilianza kama barua zetu zote za wakati ule zilivyoanza, mimi ni mzima wa afya hofu na mashaka ni kwako wewe uliye mbali na upeo wa macho yangu, watu wakacheka mpaka yule dada akashindwa kusimama akachuchumaa pale pale. Mimi sikucheka kwasababu na mimi nilikuwa na yangu ndani ya tranka, chini ya magazeti.

Sasa fikiria barua tano, na zote zimeshatumwa kwa wavulana wenyewe.

Ndo kinachompata Lara Jean wa kwenye kitabu hiki, binti wa miaka 16 anayeishi Virginia kule Marekani. Kila akimpenda mvulana mpaka anaona inamzidi anakaa chini anamwandikia barua, anamwaga kila kitu, anaifunga kwenye bahasha na anwani anaandika kabisa, afu haitumi. Zile barua ni za kuaga, yani akishaandika ndo mapenzi yameisha, anaziweka kwenye boksi la kofia alilonunuliwa na marehemu mama yake. Siku moja boksi halipo na barua zimetumwa. Mmoja wa walioandikiwa ni Peter Kavinsky, handsome wa shule, na mwingine ni Josh jirani yao ambaye amekuwa boifrendi wa dada yake mkubwa, hapo ndo balaa lenyewe lilipo. Ili Josh asidhani bado anamzimia, Lara Jean anakubaliana na Peter wazuge kwamba wao ni wapenzi, yeye anaficha aibu na Peter anataka kumuumiza roho Genevieve aliyekuwa mpenzi wake. Wanaandikiana mpaka masharti, la kwanza kwa utamu kwangu ni lile kwamba Peter atamwandikia kikaratasi kila siku.

Mnajua inapoelekea, hata mimi nilijua tangu ukurasa wa hamsini, na haikunipunguzia kitu. Kitabu cha hivi unasoma ili uone wanafikaje, na Jenny Han anajua kuchelewesha. Peter anaanza kwa kujiamini kupita kiasi afu taratibu unamwona anavyokuwa kwa mama yake mwenye duka la vitu vya kale, anavyoongea na mtoto mdogo wa nyumbani kwa Lara Jean, anavyoumia akikumbuka baba yake alivyoondoka akaanzisha familia nyingine. Nilikuwa nimekaa kwenye mwendokasi natabasamu peke yangu.

Ila kilichonishika hasa ni nyumbani kwa Lara Jean. Wako watatu, Margot mkubwa, yeye wa kati, na Kitty wa miaka 9 mwenye mdomo mkali na anayetaka mbwa kufa na kupona. Mama yao alikuwa Mkorea, amefariki wakiwa wadogo, na wenyewe wanajiita wasichana wa Song, ukoo wa mama, kwa namna ya kumweka nyumbani bado. Baba yao ni mzungu, daktari wa wajawazito, mpole, anayejitahidi kuwapikia vyakula vya Kikorea ili upande wa mama usipotee. Na Margot ndo kawa mama. Anajua ratiba za wote, anahakikisha baba hasumbuliwi, halafu stori inapoanza anaondoka kwenda chuo Scotland na kile kiti kinabaki wazi. Lara Jean ambaye hata kuendesha gari anaogopa ndo anatakiwa akikalie, amfungashie Kitty chakula cha shule, akumbuke sikukuu zinavyosherehekewa.

Nyie mliolelewa na dada mkubwa mtanielewa. Kwetu mimi ndo Margot, mama alipokuwa anaumwa nilikuwa nasuka nywele za mdogo wangu saa kumi na moja alfajiri kabla sijaenda kazini, na kuna sehemu Margot anarudi likizo anakuta mambo yanaenda bila yeye, anafurahi na anaumia kwa wakati mmoja. Ile sehemu nimeirudia mara tatu. Sijawahi kuona mtu ameandika hicho kitu kwenye kitabu cha mapenzi ya vijana, tena bila kukusimamisha akuhubirie, yani kinapita hapo katikati ya keki na biskuti ambazo Lara Jean anaoka kila mawazo yakimjaa.

Watu wengi wanakifahamu kwa muvi ya Netflix ya 2018, ile ya Lana Condor na Noah Centineo, na ni muvi nzuri, nimeiangalia. Jenny Han mwenyewe kazaliwa Richmond, Virginia, kwa wazazi Wakorea, na alishasema hadharani kwamba baadhi ya watengenezaji filamu walitaka binti awe mzungu na yeye akakataa. Namshukuru kwa hilo kwasababu ukimbadilisha Lara Jean hiyo familia yote haipo tena. Ila muvi imembana Josh na dada watu, na kitabuni ugomvi wa Lara Jean na Margot una uzito kuliko wa kwenye skrini, kwahiyo kama umeona muvi usidhani umemaliza.

Mapungufu yapo. Genevieve hajaandikwa vya kutosha, kwenye kitabu cha kwanza ni msichana mbaya tu mrembo, nilitaka kujua anawaza nini. Josh ananichosha, anajifanya mlinzi wa watu ambao hawajamuomba ulinzi. Na mwisho wake unakatika, yani unafunga kitabu hujui wamefikia wapi, hii ilitoka 2014 na ikabidi usubiri cha pili, P.S. I Still Love You ya 2015, sisi wa leo tuna bahati tunaunganisha tu.

Kwa wazazi na madada mnaouliza kama ni salama, mimi nimempa mdogo wangu wa form three bila wasiwasi. Mabusu yapo, maongezi kuhusu ngono yapo, matukio ya chumbani yaliyoelezwa hakuna. Kuna safari ya shule ya kwenda kwenye theluji ambapo wanabusiana kwenye bwawa la maji ya moto na uvumi unasambaa kwamba wamefanya zaidi ya hapo, na cha pili kinaanza na video ya hilo tukio kuvuja Instagram. Hapo tulifunga kitabu tukaongea karibu lisaa, mambo ambayo nilikuwa natafuta pa kuyaanzia tangu mwaka juzi, nani analaumiwa na nani anaachwa, kwanini Peter anapigwa mabega na Lara Jean anaitwa majina.

Kiingereza chake ni chepesi, sentensi fupi, sura nyingine kurasa mbili tatu tu, mwanafunzi wa sekondari anasoma bila kamusi, labda zile habari za mchezo wa lacrosse na majina ya biskuti ndo atayaruka na hapotezi kitu. Hiki cha kwanza nilikipata kwa wauza vitabu vya mitumba Posta, elfu kumi baada ya kupatana, karatasi za nyuma zinachomoka nikazibana na selotepu. Cha pili niliagiziwa, na cha tatu, Always and Forever, Lara Jean, nimekisoma kwenye simu, kile cha mambo ya kuchagua chuo na Korea, nacho kizuri ila sitakisemea sana nisiwaharibie.

Nampa cha kwanza nyota nne na nusu kati ya tano, hiyo nusu nimeikata kwa ajili ya Genevieve. Mwenye kopi ya karatasi ya hicho cha tatu hapa Dar naomba aniambie anauza bei gani, mdogo wangu anafunga shule mwezi ujao na kusoma kwenye simu hataki kabisa.